Muhuri Nilioupiga kwenye Kisa cha Dorkasi

Ile Jumamosi naikumbuka hadi harufu ya wino, mwanangu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu hapa Bunia, mwenye daftari safi na kichwa kigumu. Mimi na rafiki yangu Jado tulikuwa na gazeti dogo la michezo ya meza, ile michezo ambayo mmoja anasimulia kisa, wengine kila mmoja anabeba mtu wake wa kuigiza humo, na dadu zinaamua nani amefaulu. Tuliliandika kwa mashine, tukalitoa fotokopi, tukaja kulicheza katika chumba cha Mama Anyesi, mjane aliyekuwa akiuza maharagwe kutoka kijiji cha Marabo.

Mfano wetu ulikuwa gazeti la Kifaransa lililoachwa na mwalimu mgeni. Baadhi ya kurasa zake zilikuwa na namba 18 juu, umri wa kuruhusiwa kuzisoma. Hatukuuliza inalinda nini. Tuliona ni alama ya gazeti kubwa, nasi tukautaka ukubwa. Nikachonga muhuri kwa soli ya sandali iliyokatika. Mara ya kwanza ulitoka 81, Jado akacheka mpaka akakaa chini: "Sasa hata bazee batangoja!" Nikachonga upya.

Toleo la Jumamosi ile lilikuwa na visa viwili. Cha kwanza nilikiandika mimi: shujaa mwenye panga anaua watu arobaini, na kila maiti inamwongezea alama. Hicho sikukipiga muhuri. Ni mchezo tu, nilijiambia. Cha pili kiliandikwa na Dorkasi, msichana wa miaka kumi na minne aliyefika mjini akikimbia vita, akalelewa na Mama Anyesi. Katika kisa chake familia inakimbia, inavuka mto, kisha inagundua kwamba mtoto wao mdogo amebaki ng'ambo. Wachezaji ndio wanaoamua: kurudi au kuendelea. Sote tulijua kwamba kwao Dorkasi mwenyewe hakuna aliyerudi kumtafuta aliyebaki. Nilikisoma, nikashindwa kukirudia, nikakipiga muhuri.

Jumamosi ile akaja. "Yaya," aliniita, maana kwetu yaya ni kaka mkubwa, "nipe gazeti."

Nikafungua daftari la wasomaji, nikaufuata umri wake kwa kidole. "Hapana. Iko na muhuri. Rudia hapa kisha miaka ine."

"Lakini ni miye niliandika."

"Muhuri ni muhuri."

Aliliangalia jina lake chini ya ukurasa. "Nilitaka tuicheze leo," alisema. "Mara moja tu, mutu arudie kumutafuta." Akatoka bila kulia, na hilo ndilo lililonichoma, ingawa sikukubali kuonyesha.

Haukupita muda Mama Anyesi akaingia, vumbi la maharagwe mikononi.

"Mwenye aliandika hana ruhusa ya kusoma?"

"Mama, kuko mambo mazito kwa batoto."

"Mazito? Yeye alibeba ile yote ku mugongo, weye unaogopa kuibeba ku macho!" Akachukua gazeti, akagonga kisa changu kwa kidole. "Na huyu wako wa panga, mwenye kuua batu makumi ine, huyu ndiye wa batoto?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwanangu, na mimi nilikuwa nimeupima wa Dorkasi kwa mizani yangu.

"Ku matanga tunafukuza batoto?" aliendelea. "Hapana. Tunabaikalisha pembeni yetu, tunabashika mukono, banasikia. Weye hukumulinda Dorkasi. Ulijilinda weye."

Nilikwenda kumwita mwenyewe. Alikuwa nyuma ya nyumba, anapepeta. Nikamwomba radhi, nikamwomba awe msimuliaji. Tukakaa wanne mezani: mimi, Jado, Dorkasi, na Mama Anyesi pembeni yake, mkono wake juu ya goti la binti. Jado alibeba mjomba wa familia. Familia ilipovuka mto ikamkosa mtoto, Jado akasema, "Miye narudi." Akatupa dadu. Ikatoka moja, mbaya kuliko zote.

Dorkasi aliiokota dadu, akamrudishia Jado. Kisha akasema kwa sauti ya msimuliaji, "Maji yamekuangusha. Simama, utupe tena."

Jado akatupa. Akaanguka tena. Akasimama. Sijui alitupa mara ngapi, mimi ambaye huhesabu kila kitu. Ninachojua ni kwamba mtoto alivushwa, na Dorkasi akalia kwa mara ya kwanza tangu tumjue.

Wiki iliyofuata wazazi watatu walikuja kudai kisa kile kiondolewe, ama chumba kifungwe. Hakuna aliyelalamikia panga langu. Mama Anyesi akasimama mlangoni: "Chumba ni yangu. Mwenye kuogopa asiingie." Nami muhuri nikauhamisha kwenye kisa changu cha arobaini. Juu ya kile cha Dorkasi tukaandika kwa mkono, nakala kwa nakala: "Humu mtoto anapotea vitani. Usikicheze bila mkubwa wa kukaa nawe." Wazazi wale hawakupenda. Tukaendelea.

Sasa wewe ndiye unayeendesha gazeti, mwanangu, na nasikia wazazi wamekuandikia barua wakitaka namba juu ya kila kisa kinachotaja vita. Nasaha yangu ni hii. Picha za uchi na damu ya kuchezea zifungie watoto, usibishane. Lakini usikubali namba iwe kitambaa cha kufunika kinywa cha mtoto aliyeona. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kabla hujapiga muhuri, uliza unamlinda nani: anayesoma, au mkubwa asiyetaka kuulizwa maswali? Sema wazi kilichomo, mweke mtu karibu, kisha acha meza ifanye kazi yake. Wakikufungia chumba, tafuta chumba kingine. Wakikuita mkaidi, waambie ulifundishwa na mama wa maharagwe.

Mungu akupe watu watakaorudi mtoni kwa ajili yako, na akupe moyo wa kusimama na kutupa tena kwa ajili ya mwingine.