Midomo Iliyogeuka Rangi Kando ya Tarach

Akoru hakuwa mtu wa kuombaomba, na alihakikisha kila mtu anajua. Wavamizi walipoondoka na ng'ombe wote wa mumewe kule Kaaleng, na mumewe akafa kwa uchungu, alibaki na punda watatu na mkwe wake, Helen. Wakateremka Kakuma, na Akoru akachimba kisima chake kwenye mchanga wa mto Tarach. Kisima ni cha aliyekichimba, ndivyo Waturkana wasemavyo, na huyu alikichimba chini kidogo tu ya zizi kuukuu, mahali walipolala mbuzi wa watu miaka nenda miaka rudi. Maji yalikuwa karibu hapo. Punda wakawa wanabeba mitungi hadi kambini kwa wakimbizi wa Sudan, na nyumbani moto wa kupikia ukawaka tena.

Ungeweza kumtukana Akoru akacheka, lakini usiyaseme vibaya maji yake. Helen alipojifungua Ejore na maziwa yakamwia haba, mteja wao mmoja wa kambini, Nyabol, alimpa maziwa ya unga. Helen akataka kuyakoroga kwa maji ya bomba. Akoru akawaka: maji ya bomba ya nini, na kisima kipo? Akayakoroga mwenyewe, asubuhi na jioni, akamnywesha mjukuu kwa mkono wake. Helen akamwachia kikombe, maana neno la mama mkwe halina rufaa.

Mwisho wa mwaka wa tisini na saba mvua ikaja, tena kwa fujo. Ilifagia kingo za Tarach, na ilipotulia, zizi kuukuu likaota magugu mabichi yanayofika magotini. Punda walijilia humo hadi wakavimba matumbo. Matunda ya esekon, mti ule wa miswaki, nayo yakaiva, na watoto wote wakawa wanazunguka na midomo ya zambarau.

Nyabol ndiye aliyeona kwanza, siku Akoru alipompelekea maji.

"Mama Akoru, huyu punda yako mdomo iko nyeusi. Iko gonjwa?"

"Ejok tu, ni mzima! Amekula esekon. Kwani punda hana haki ya tunda?"

Wakacheka wote wawili. Lakini njiani Akoru aliinua mdomo wa yule punda akatazama. Fizi na ulimi vilikuwa na rangi ya ini lililolala juani. Hakuipenda rangi ile hata kidogo. Akajiambia ni matunda, akapiga mluzi, wakaendelea.

Baada ya hapo punda wakaanza kuhema wakiwa wamesimama. Yule jike mkubwa alianguka na mitungi mgongoni na hakuinuka tena. Akoru akasema ni kijicho, kuna mtu anakitamani kisima. Mdudu wa hofu alikuwa ameshaingia ndani yake, na yeye anamfunika kwa maneno.

Siku daktari wa mifugo alipofika kutoka Lodwar kuchanja mbuzi, Akoru alimburuta hadi kwa punda wake. Mwanamume huyo akafungua mdomo wa mmoja.

"Mdomo ukibadilika rangi, mama, sababu ni nyingi. Matunda, majani, ugonjwa wa ini, au damu yenyewe. Tuoshe kwanza. Rangi ya tunda inatoka."

Akasugua kwa kitambaa kilicholowa. Kitambaa kikatoka kisafi, na mdomo ukabaki vilevile. Akachoma sikio la punda kwa sindano, na tone lililotoka lilikuwa la kahawia.

"Hawa wanakula wapi? Wanakunywa wapi?"

Akoru akaonyesha zizi, kisha kisima chini yake. Daktari akatazama huku na kule, akashusha pumzi.

"Samadi ya miaka yote hiyo imeteremka na mvua. Iko kwa majani, iko kwa maji. Inaharibu damu, damu inashindwa kubeba hewa. Mtu mzima anaweza kunywa asione kitu. Lakini mtoto mchanga..."

Akoru hakungoja amalize. Ejore alikuwa kimya siku hizo, na yeye alikuwa akimsifu kwa majirani kwamba ni mtoto mpole, hasumbui. Akakimbia nyumbani, akamkuta amelala. Akalowesha ncha ya shuka, akapangusa midomo ya kijivu, akapangusa tena. Mtoto asiye na jino hajala tunda lolote. Akapiga yowe.

Kwenye zahanati muuguzi alimwekea mtoto hewa puani, akauliza, "Anakunywa maji gani?"

Helen alimtazama mama mkwe wake, akangoja.

"Ya kisima changu," Akoru akasema. "Mimi ndiye nilimpa."

Gari la kwenda Lodwar lilikuwa na nafasi ya mama na mtoto tu. Helen akapanda bila kuaga, na Akoru akarudi Tarach kwa miguu.

Wanawake waliozoea kuchota kwake walikuwa wamepanga mitungi kisimani. Akawapita, akapiga magoti, akaanza kusukuma mchanga ndani kwa mikono yote miwili.

"Maji ni mbaya!" alipaza sauti. "Msichote!"

"Jana yalikuwa matamu," mmoja akajibu. "Leo unatunyima?" Naye akainama na kibuyu chake, akachota.