Kikaango Kilichonyamaza

Bi Keziah Thirkell alirithi methali nyingi kwa mama yake, na zote zilimtuma kazi. "Mshono wa mapema huokoa tisa," basi akashona hadi macho yakafifia. "Anika nyasi jua lingali linawaka," akaanika hadi mgongo ukapinda. Ya kumwambia aketi kitako, aliitafuta asiione.

Baridi ya mwaka ule iliua nyuki wake, ukabaki mzinga mmoja tu. Asubuhi moja ya Mei bumba la nyuki, nusu ya waliokuwamo, likatoka humo, likaruka kutafuta makao mapya. Na bumba la Mei, kwao, ni mali sawa na mkokoteni wa nyasi kavu. Akilipata atakuwa na mizinga miwili, na kwa asali yake ataacha kufua mashuka ya kasisi kwenye maji ya barafu.

Akanyakua kikaango na kijiko, akawafuata nyuki akigonga. Ndiyo desturi: ukigonga bila kukoma, nyuki ni wako popote watuapo. Ukinyamaza, ni wa mwenye shamba walikotua.

Akapita vichochoro, akavuka ua, akagonga. Kwenye kilima kilicho kando ya kijito miguu ikakataa. Akaegemea mti kuvuta pumzi, mkono ukaanguka wenyewe, kikaango kikanyamaza. Alipofika juu, nyuki walikuwa wameshatua kwenye mpeasi shambani kwa mzee Enoch Pask.

"Keziah! Nilidhani kanisa linaungua!"

"Cheka tu, mzee. Hao wangu."

"Mbona pale kijitoni sikusikia kitu? Au masikio haya? Marehemu mke wangu alisema nimezibwa kwa nta."

Kijiji kizima kilijua Enoch hasikii vizuri. Neno moja tu, kwamba ni masikio yake, lingetosha nyuki wawe wa Keziah. Keziah akatazama mikono yake iliyopasuka. Halafu ikamjia methali nyingine ya mama: sema kweli, umwaibishe shetani.

"Masikio yako hayana neno. Nilinyamaza. Nilichoka."

Enoch akavua kofia. "Mwanamke wewe! Si nilikuachia mlango wazi?"

"Niliuona."

"Basi mimi nifanyeje sasa?"

"Chukua nyuki wako, Enoch. Usinisimamishe hapa."

Enoch akaleta kapu, polepole, kama mtu anayetarajia kukatazwa. Hakukatazwa.

"Keti basi unywe chai," akasema.

Keziah akaketi kwenye benchi la mwenzake, akawatazama nyuki wakikung'utwa kapuni. Alitaka kukasirika, lakini hasira nayo ni kazi. Akapuliza chai yake, akafumba macho.