Tone la Malwa na Kioo Ambacho Sikukiosha

Mimi ndiye niliyemshika mama mkwe mkono mchana kweupe, mbele ya ukoo wake mzima, na nayasema haya kwa mdomo wangu kwa sababu nimechoka kuyasikia kutoka kwa watu ambao hawakuwapo, ambao kila wakisimulia wanamwongezea mama wa watu kuanguka (hakuanguka) na mimi wananiongezea kukimbia (sikukimbia, niliondoka kwa baiskeli, na baiskeli ina mwendo wake). Aibu ni yangu na naikubali. Lakini siku ile kuna jambo moja niliambiwa nilikane, sikulikana, na mpaka leo silikani, kwa hiyo kaeni niwaeleze vizuri.

Ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru bado mpya, nami nilikuwa kijana wa Mulanda niliyepata kazi katika maabara moja pale Tororo, walikochunguza malale, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Kazi yangu ilikuwa kuosha vioo. Msicheke bado. Vioo vyenyewe ni vipande vyembamba, virefu kama kidole. Tone la damu ya mgonjwa linapakwa juu ya kioo, kioo kinawekwa chini ya hadubini, na daktari anainama kutazama kama kuna vijidudu vinavyojinyonganyonga kati ya chembe za damu. Kioo kikiwa na uchafu wa jana, daktari ataona ugonjwa wa mtu wa jana katika damu ya mtu wa leo. Ndiyo maana Daktari wetu (mzee mpole mwenye nyusi kama brashi) alikuwa akitusimamia kila asubuhi na kutuambia kwamba kioo ambacho hakijaoshwa kisifike chini ya hadubini, hata kama anayesubiri ni waziri. Likumbukeni hilo, maana mimi nililisahau.

Baada ya mwaka mmoja Daktari aliona ninachungulia chungulia, akaanza kunifundisha kutazama. Sijui niseme nini kuhusu mara ya kwanza. Tone la maji ya dimbwi, ambalo ng'ombe hulinywa bila kufikiri, lilikuwa limejaa viumbe vinavyopishana kama watu wa soko la Busia. Tangu siku ile nikawa mtu wa kusumbua wenzangu: huyu namweleza, yule namchorea kwa kijiti mavumbini, mwingine namwinamisha kwenye hadubini aone mwenyewe.

Sasa, huko Busia sokoni ndiko nilikokutana na Nabwire, Msamia wa Masaba, akiuza wimbi (yaani ulezi), na tulipoelewana nikaenda kwao kujitambulisha. Baba yake alikuwa amefariki, kwa hiyo aliyesimama mahali pake ni baba yake mkubwa, Mzee Wandera, mtu mwenye mdomo. Aliniuliza kazi yangu, nikamweleza, akageukia wenzake akasema, "Huyu anaangalia wadudu ambayo haionekani. Na mshahara yake nayo haionekani?" Wakacheka mpaka wakakohoa. Kisha akaniambia kwamba kwao binti hapewi mtu mwenye kazi ya hadithi. "Ukirudi, kuja nao hao wadudu tuwaone. Kama hawako, na wewe usikuje."

Mnaona nilivyobanwa. Mara ya pili nisipopeleka kitu, Nabwire ndiyo basi.

Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo sana. Jumamosi moja Daktari aliniruhusu nichukue ile hadubini ya zamani ya shaba, isiyotumia umeme bali kioo cha kunasa mwanga wa jua, nikafanye mazoezi nyumbani. Alisema nyumbani. Hakusema nyumbani kwa nani. Nikaifunga ndani ya sanduku lake nyuma ya baiskeli kwa mipira ya tairi, nikatia vioo sita mfukoni, nikampitia baba mdogo Owere anisindikize kwa baiskeli yake, tukashika njia ya Masaba.

Tulikuta wazee wameshazunguka chungu cha malwa, kila mmoja na mrija wake mrefu mdomoni. Malwa ile, kwa wasioijua, ni pombe ya wimbi: unga unachachushwa, unakaangwa, unaanikwa, unachanganywa na kimea cha wimbi lililooteshwa, unaachwa tena uchache, na wakati wa kunywa unaongezwa maji ya moto. Aliyeitengeneza ni Mama Nabwire mwenyewe, na sifa ya mkono wake ilifika hadi Sikuda. Yeye alikuwa jikoni na huko ndiko alikotakiwa kuwa, kwa sababu kwao, na kwetu pia, mkwe na mama mkwe hawasogeleani: hawaketi pamoja, hawatazamani usoni, na kushikana mikono ni jambo ambalo hata mlevi halifanyi.

Nikaweka hadubini juu ya kigoda juani. Nilipopapasa mfukoni nikakuta vioo vitano vimevunjika kwa mashimo ya barabara, kimebaki kizima kimoja tu. Nikachota tone la maji kwenye hori la kunyweshea ng'ombe, nikamwita Mzee Wandera. Aliinama akiwa na tabasamu la kunidharau, na tabasamu likaondoka pole pole. "Kuna kitu inapita," akasema. "Iko kama soli ya kiatu. Inaogelea. Ngojeni, imerudi na mwenzake."

Basi hapo mambo yakawa yangu. Wazee wakapanga foleni, mmoja akauliza kama wana macho, mwingine kama wanauma, mimi namjibu kila mtu kwa zamu yake, na kwa mlango wa jikoni namwona Nabwire ameegemea anajidai kupepeta wimbi huku amejaa raha. Ningefunga sanduku hapo ningeondoka na mke. Lakini mtu anayependa kueleza ana ugonjwa wake. Nikasema, wazee wangu, hata ndani ya malwa hii kuna viumbe, tena hao ndio wanaoifanya iwe malwa, bila hao mngekuwa mnakunywa uji. Nia yangu ilikuwa kumsifu mpishi. Nikaomba tone kutoka chungu cha akiba kilichokuwa bado hakijatiwa maji ya moto (maana maji ya moto huwaua), na kile kioo kimoja nikakifuta kwa ncha ya shati.

Ndiyo, kwa shati. Mimi, muosha vioo.

Mzee Wandera alitazama kwa muda mrefu. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akautoa mrija wake chunguni, akaukung'uta na kuulaza chini. "Wale wa hori ya ng'ombe," akasema, "wako ndani ya pombe yetu."

Mrija mwingine ukatoka, na mwingine, mpaka ukabaki mmoja tu ndani ya chungu, na huo ulikuwa wa baba mdogo Owere, ambaye hakuona sababu ya kuacha. Kwa wengine maana ilikuwa wazi: Mama Nabwire amewapikia wageni kwa maji ya ng'ombe. Mzee mmoja akasema kwamba alishaonja kitu tangu asubuhi. Jikoni kikasikika kitu kimeanguka, na Nabwire hakuwa tena mlangoni.

Nikainama mwenyewe. Hamira, hao viumbe wanaochachusha pombe, ilikuwapo, chembe za mviringo wa yai, nyingi ajabu, nyingine zimeota kijichembe ubavuni kama mtoto mgongoni, zimetulia zinaelea tu. Na katikati yake, zikipita kwa haraka zao, soli mbili za viatu. Nikaelewa papo hapo. Wale hawakutoka chunguni. Walibaki kwenye kioo.

Nilisimama nikasema kweli. Nikasema mama hana kosa, maji yake ni safi, kosa ni langu, kioo sikukiosha. Mzee Wandera akanitazama kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Kazi yako nini, mkwe?"

"Kuosha vioo, mzee."

"Na kioo ilikuwa ngapi?"

"Kimoja."

Sitaki kuwasimulia kicheko kile. Kilipokwisha, mzee akalainika, na hapo ndipo penyewe. Akasema hana ugomvi na mimi, niseme tu kwamba ndani ya malwa hamna kitu chochote, kwamba yote yalikuwa mchezo wa kijana, wazee warudishe mirija na mazungumzo ya binti yaendelee. "Sema hamna kitu. Neno moja tu, mambo iishe."

Neno moja tu. Nilimtazama baba mdogo, naye alinitazama juu ya mrija wake, hakunisaidia. Mambo yote niliyoyataka yalikuwa upande wa pili wa neno lile. Lakini nilikuwa nimeshaiona hamira kwa macho yangu, na mtu akinitaka niseme sikuona nilichokiona, basi hata huyo mke nitamwoa nikiwa nani?

"Wale wa hori walikuwa uchafu wangu," nikasema. "Lakini hamira imo, mzee. Mama mwenyewe ndiye anayeifuga, kama mnavyofuga ng'ombe, ila hajawahi kuiona. Siwezi kusema haimo."

Nikaomba maji ya moto na sabuni nioshe kioo, warudie kutazama. Nabwire ndiye aliyeleta, akaweka sufuria miguuni pangu bila kunitazama, akasema chini chini, "Osha kama mtu anayetaka mke." Nikakiosha, wenzangu, mara tatu, nikakisuuza na kukikausha juani. Nikaweka tone jipya la malwa.

Hakuna mzee aliyesogea. Aliyesogea ni Mama Nabwire. Alitoka jikoni, ameinamisha uso kama desturi inavyotaka, lakini alikuja moja kwa moja, kwa sababu chungu kilikuwa chake na aliyechafuliwa jina ni yeye. Wakati ule mimi nilipaswa kurudi nyuma hatua kumi na kugeuka. Nilirudi mbili.

Akainama. "Giza tupu," akasema, kama anaiambia hadubini na si mimi.

Hebu nifikirieni vizuri. Miezi yote ile kazi yangu ilikuwa mtu akisema giza tupu, mimi nasema hapana, zungusha hapa kidogo, hivi, pole pole. Mwili ulifanya ulivyozoea. Nikasogea, nikamshika mkono, nikauweka kwenye skrubu na kuuzungusha pamoja naye, nikisema, "Taratibu, mama, usiogope, sasa mwanga unakuja."

Ukaja. Hakuondoa jicho kwenye bomba. "Zinazaa," akasema. "Hii imebeba mtoto."

Ndipo sote wawili tukatazama chini na kuona mkono wangu ulipo.

Alijifunika uso kwa kanga akarudi jikoni. Wazee walisimama kwa pamoja. Mzee Wandera hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. Alisema tu, "Owere, chukua mtu wako," na baba mdogo akanyonya mara ya mwisho na kufunga sanduku. Nami nikiwa tayari juu ya baiskeli, wengine wameshanipa mgongo, nikasema kwa sauti ambayo jikoni wangeisikia: mama achukue uji wa kimea uliopoa, augawe chupa mbili, kila moja aitie tone la malwa lenye hamira ileile, moja aichemshe ndani ya maji na kuiziba kabisa, nyingine aizibe bila kuichemsha. Kama zote mbili zitakuwa pombe, mimi ni mwongo na sitarudi Masaba maisha yangu yote. "Na kama ni ile isiyochemshwa tu," nikasema, "hamira imo."

Njiani baba mdogo alinieleza kwamba amehudhuria posa nyingi, zimevunjika kwa mengi, ila kwa kushikwa mkono mama mkwe hii ndiyo ya kwanza. Jumatatu Daktari alinusa sanduku, akanusa tena, nikamweleza yote. Aliuliza swali moja: "Kioo ulikiosha?" Nikasema mara ya pili. Akaniachia nioshe mapipa kwa juma zima.

Halafu zikapita siku za soko mbili. Ya tatu, nikiwa nje naanika vioo, nikamwona Nabwire anakuja na kikapu, gauni limelowa upande mmoja na ananuka malwa hatua ishirini kabla hajafika. Akatoa chupa mbili. Moja, ile iliyochemshwa, ilizibwa kwa gunzi la hindi na nta, imetulia, ndani uji mtamu kama wa mtoto. Nyingine ilikuwa nusu tupu.

"Hii imenilipukia njiani Sikuda," akasema, amekasirika kweli, lakini mdomo unamcheza. "Gunzi imepiga mwanaume ya watu kwa shingo. Mama amefanya mara mbili, na mara mbili ni vile vile. Baba mkubwa ameonja zote, hajasema kitu tangu juzi."

Nikamuuliza mama anasemaje.

Alikung'uta gauni kwanza. "Anasema mtu hawezi kuchafua pombe yake halafu akae mbali. Urudi, na uje na hicho chombo, kuna wanawake wengine wa pombe wanataka kuona ng'ombe zao. Lakini mikono yako uiache Mulanda."

Nilirudi, nikiwa nimefumbata mikono nyuma tangu langoni, na baba mdogo Owere ndiye aliyezungusha skrubu, vibaya sana, huku mimi nimegeukia zizi na kumwelekeza kwa maneno. Na ninaapa mbele yenu: kushika mkono wa mama mkwe sitarudia, na kioo sikifuti tena kwa shati, hata cha miwani. Mengine yote ya siku ile ningeyafanya tena kesho asubuhi. Hamira imo.