Fundi wa Mkuyuni anayelisha gari la mbio spiriti ya miwa

Saa mbili asubuhi, kabla hajashika spana, Bernadetta Revocatus anafanya ishara ya msalaba. Kisha anachukua chupa ya kioo aliyoichora alama mbili kwa rangi ya kucha. Anamimina petroli hadi alama ya kwanza, anaongeza spiriti hadi ya pili, anafunga kizibo na kuitikisa. Anaiweka juu ya benchi na kuitazama.

"Sasa tunasubiri," anasema. "Vikikaa kama kitu kimoja, spiriti ni safi. Ukiona mstari, humo ndani kuna maji."

Nyuma yake kuna Subaru ya buluu, boneti ikiwa wazi. Ni gari la mbio la Nkwabi Machibya, mfanyabiashara wa mchele anayeishi Kiseke. Jumapili linatakiwa mashindanoni, na leo lilipaswa kuwashwa kwa majaribio.

Bernadetta, Mhaya mzaliwa wa Muleba mwenye miaka 43, ana gereji ndogo Mkuyuni, Mwanza. Siku ya kawaida humpatia shilingi elfu ishirini, mara nyingine elfu thelathini. Kazi hii ya spiriti ni ya kwanza kwake, na mtaa mzima unaifuatilia kwa pua. Majirani wamempachika jina la Mama Gongo, kama vile anapika ile pombe haramu.

"Mgambo amekuja mara mbili akinusanusa," anasema akicheka. "Nikamwambia, baba, hii imechanganywa na dawa kiwandani. Onja basi, uone kama utafika nyumbani."

Spiriti hiyo hutengenezwa kwa masalia ya miwa. Mashabiki wa mbio huipenda kwa sababu huipoza mashine, hivyo turbo huweza kusukuma hewa ndani kwa nguvu zaidi bila mashine kugongagonga kwa joto. Lakini gari huinywa kwa wingi, karibu theluthi zaidi ya petroli. Ndiyo maana Bernadetta amebadilisha pampu ya tangi, ameweka nozeli kubwa za kunyunyizia mafuta na kuipangia upya kompyuta ya gari.

Kilichomtesa ni mipira ya kupitishia mafuta.

Kabla ya gereji, kwa miaka tisa alitengeneza injini za mitumbwi katika mwalo wa wavuvi wa Igombe. Mwezi Juni alipolifungia gari hili mfumo wa spiriti mara ya kwanza, alitumia mpira wa injini ya mtumbwi.

"Sisi watu wa mwaloni tunaamini hakuna mpira kuupita huo. Umepigwa jua, umepigwa mawimbi, haupasuki. Sikujiuliza kama unaiweza spiriti."

Haukuiweza. Ulilainika kwa ndani, vipande vikaziba nozeli, na gari likazima mzunguko wa tatu mbele ya watazamaji. Bernadetta alikwenda mwenyewe kwa Nkwabi kumwambia kosa ni lake. Akanunua kwa fedha yake mipira ya teflon, isiyolainishwa na spiriti. Nkwabi alimpa nafasi moja tu: likizima tena, gari linakwenda kwa mafundi wa Arusha.

Juu ya benchi, mstari unaanza kuonekana ndani ya chupa. Ni mwembamba, lakini upo. Bernadetta anaitikisa upya na kusubiri. Mstari unarudi.

Nkwabi anaingia akiwa amevaa kofia ya mashindano.

"Fundi, mbona boneti bado iko juu?"

"Bosi, leo haliwashwi. Spiriti ina maji."

"Nyie Wahaya na kusoma kwenu, hata chupa mnaipeleka shule." Anainama kuitazama. "Pipa hilo la spiriti nimelileta mwenyewe kutoka kiwandani. Hakuna mtu aliyeligusa."

"Ulilisuuza?"

"Sasa nisilisuuze? Lilikuwa la mafuta ya dagaa. Nimelipitisha ziwani, nikasugua vizuri."

"Ukalianika?"

Katika mwambao huu kila chombo husafishwa ziwani, ndoo, sufuria hata pikipiki, na hakuna anayeona haja ya kukausha kitu kitakachojazwa tena. Maji yaliyobaki chini ya pipa yalijichanganya na spiriti, wala hayakuonekana kwa macho.

"Weka hivyo hivyo," Nkwabi anasema. "Litawaka."

"Litawaka, sikatai. Ila ukishakanyaga mafuta mpaka mwisho, mashine itapata maji mahali pa mafuta. Mafuta yakipungua inapata joto kupita kiasi, itaungua nawe ukiwa ndani."

"Nikijitoa watanicheka Mwanza nzima. Unakumbuka tulichokubaliana kuhusu Arusha?"

"Nakumbuka." Bernadetta anafuta mikono na kuweka funguo za gari mbele ya Nkwabi. "Funguo ndizo hizo. Lakini mimi silijazi spiriti hii."

Nkwabi anakalia tairi kuukuu. Anazigeuzageuza funguo mkononi, kisha anatoa simu.

"Nifuteni kwenye orodha ya Jumapili," anamwambia mtu wa upande wa pili. "Hapana, fundi hana kosa. Pipa nililiharibu mimi."

Anapoondoka, funguo amezirudisha kwenye benchi na gari linabaki kwa Bernadetta.

Bernadetta anasimama kidogo akiwa amefumba macho, midomo ikitembea bila sauti. Anapoyafumbua, anaeleza mpango wake. Mashindano mengine yatafanyika baada ya wiki sita. Alhamisi atakwenda mwenyewe kiwandani akiwa na pipa kavu, alifunge kwa mkono wake na kurudi nalo. Baadaye anataka kujenga stoo yenye sakafu ya mbao, unyevu wa ziwa usiifikie spiriti.

Je, anaamini Nkwabi atashinda?

"Kushinda aombe yeye, ndiye dereva," anasema. "Mimi kila asubuhi naomba amalize tu. Halafu akishuka, wakimuuliza fundi wako yuko wapi, awaambie yuko Mkuyuni, jirani na mashine ya kusaga."