Picha ya Baba Kwenye Baa ya Troyeville

Jamani, leo nimemkuta baba yangu ukutani.

Niliitwa kushona upya viti vya baa kongwe hapa Troyeville, iliyofunguliwa na Waingereza enzi za uchimbaji wa dhahabu. Mzee mwenye baa akanionyesha picha za zamani: wachimba migodi, wahudumu, wapishi.

Nikanyooshea mpishi mmoja kidole. "Huyu ni baba!"

Aliondoka kwetu Likasi nikiwa na miaka sita, hakurudi. Nilijua ametutupa.

"Alikuwa mpishi wetu," mzee akasema. "Kila siku alimtaja binti yake. Alipanga kwenda kumchukua, akaugua, akafariki. Tulimzika sisi."

Eish.

Kwenye picha anacheka. Ana mwanya kama wangu.

Ila sauti yake siikumbuki kabisa. Watu wa Likasi mnaomkumbuka baba yangu, nani aliwahi kuongea naye? Niambieni sauti hiyo ilikuwaje.