Biskuti za Kompyuta Mwezi wa Ramadhani

Nilikataa biskuti za kompyuta kwa sababu nilikuwa nimefunga. Nalisema hili mapema ili anayetaka kunicheka aanze sasa hivi, asijizuie kwa adabu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, hapa Ukunda, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu nilichokigeuza ofisi ya kuwapigia watu chapa barua zao. Kazi hiyo niliipenda kwa kuwa haikunidai viatu. Safari yangu ndefu mwaka ule ilikuwa ya Kombani, na nilirudi kabla ya adhuhuri nikalala kama mtu aliyetoka Makka kwa miguu. Marehemu baba alikuwa ametuachia simu ya waya, nami nikaiunganisha na kompyuta kuukuu iliyotupwa na hoteli ya Diani alikofanya kazi binamu yangu, mwoka mikate.

Binamu huyohuyo ndiye aliyeniletea sidii iliyobandikwa kwenye jarida lililoachwa na mgeni. Ndani yake mlikuwa na programu mpya ya kufungulia kurasa za intaneti. Siku hizi tunaiita kivinjari. Kuvinjari ni kuzunguka huku na huku, na mtu kama mimi, ambaye hata chumvi naagiza, ndiye hasa anayehitaji kitu cha kumzungukia. Kile cha zamani kilikuwa kizito: ukifungua picha moja, unakwenda kuoga, unarudi umejifuta, ndiyo kwanza paji la uso linatokea. Basi nikakifuta. Nikakifuta kabla ya kukijaribu hicho kipya, kwa kuwa kipya kilikuwa na nembo nzuri.

Na kweli kilikuwa chepesi. Nilikipenda kwa nusu siku nzima.

Sasa, jirani yetu, dada mmoja wa kutoka bara, alikuwa akitandika vitanda hotelini hadi wageni walipoadimika, akaambiwa apumzike nyumbani. Alikuwa ameomba kazi kwenye hoteli moja ya Watamu. Walimwambia jibu litakuja kwa intaneti wiki ile, na asiyethibitisha kufikia Ijumaa, nafasi yake atapewa mwingine. Anwani aliyowapa ilikuwa yangu. Yeye alitaka kuwapa ya posta. Mimi ndiye niliyemwambia posta ni mambo ya kizamani.

Jumanne baada ya alasiri nikafungua ukurasa wa barua zangu. Kabla sijaingia, kikatokea kidirisha kuniuliza kama nitakubali “cookie.” Neno hilo nilikuwa nikilijua, si kwa shule, bali kwa binamu: ndivyo walivyoziita zile biskuti nene walizowaokea Wamarekani, na alikuwa akituletea zilizovunjika. Nikasema moyoni, loo, wazungu nao wamestaarabika! Hujaketi, ushakaribishwa kitu.

Mama alikuwa mlangoni akichambua mchele.

“Wanasemaje?” akauliza.

“Wananikaribisha biskuti.”

“Mchana huu? Nawe umewajibuje?”

“Nimewaambia la.”

“Umefanya vyema, mwanangu. Na uwaambie asante, wasije wakaona tunaringa.”

Pa kuandikia asante sikupaona. Nilibonyeza tu “No.” Kidirisha kikarudi. Nikabonyeza tena. Kikarudi. Hilo halikunishangaza hata kidogo, kwani nyumba gani huku pwani mgeni akikataa mara moja anaachiliwa? Mwisho kikachoka, nao ukurasa ukanirudisha mlangoni kuniomba upya neno la siri. Nikaandika, nikakaribishwa, nikakataa, nikatolewa nje. Leo najua “cookie” ni alama tu ambayo ukurasa humwekea mgeni ili umkumbuke; siku ile nikaona programu ni mbovu.

Dada akaja. “Jirani, wamejibu?”

“Mtandao umelala, dada. Kesho.”

Jumatano mtandao ukalala tena. Jioni sikujaribu kamwe, maana mimi nikishafuturu si mtu tena, ni gunia la tambi lililoegemezwa ukutani.

Alhamisi dada hakupiga hodi kwa sauti yake ya siku zote. Alikuja magharibi inaingia, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, akasimama nyuma ya kiti changu.

“Kesho ndiyo Ijumaa,” akasema. “Hiyo kitu leo itaamka ama niende Watamu na miguu?”

Adhana ikalia. Nikala tende, nikanywa mafunda mawili ya uji, nikaona haya kumwacha amesimama huku mimi natafuna. Nikafungua ukurasa. Kidirisha kikanikaribisha kama kawaida yake, nami safari hii sikuwa na udhuru. Nikasema bismillahi, nikabonyeza “Yes.”

Barua zikafunguka zote.

“Umeona!” nikapiga kelele. “Kilikuwa kinaningoja nifuturu!”

“Nini ilikungoja?”

Kwa furaha nikamweleza yote: biskuti, swaumu, jinsi nilivyoshikilia dini yangu siku tatu mbele ya mashine. Kadiri nilivyoeleza ndivyo sauti yangu ilivyopungua, kwa kuwa yeye hakucheka. Alikuwa akiisoma barua ya Watamu, iliyofika tangu Jumatatu. Wanamtaka. Athibitishe, aje na barua ya kazi ya zamani.

Akanisukuma kwa kiwiko, akaandika jibu mwenyewe kwa kidole kimoja, herufi kubwa tupu. Hakuniomba hata nimsahihishie. Ilipokwenda akavuta pumzi ndefu, akajifunga kitambaa chake vizuri. Mama akamkaribisha futari. Akasema asante, akachukua mahamri mawili, akaelekea mlangoni. Pale akageuka, akanitazama kuanzia miguu mitupu mpaka kichwani.

“Jirani, mimi naenda Watamu. Wewe usitoke hii nyumba, nakuomba, sababu huko nje gari itakupigia honi na utaiambia asante, nimefunga.”