Mtama wa Mama katika Nyumba ya Mkomani

Nilipoolewa kutoka kisiwa cha Pate nikaletwa Mkomani, mtaa wa mjini Lamu, miaka ya hamsini, mama alinifungia kikapu cha mtama mweupe wa shamba letu. Mama mkwe alikifunua, akatazama, akawamwagia kuku uani. Kisha akanieleza kwa sauti laini, kama anayefunza mtoto, kwamba nyumba ile hula wali, na mtama ni chakula cha watu wa mashamba. Nilisimama nikitazama kuku wakidonoa jasho la mama yangu. Bibi arusi hasemi; nikaokota kikapu kitupu nikaingia ndani.

Watu wale hawakuujua mtama. Jua likikaza, mahindi hukunja majani yakafa. Mtama hunyamaza tu, ungedhani umekwisha, na mvua ikidondoka huinuka. Ukikatwa, shina huchipua tena bila kupandwa. Sisi tulipika uji na sima, tukachoma mikate, tukatafuna mabua matamu, na makavu tukazibia ua. Baba alipofariki tungali wadogo, huo ndio uliotulea.

Ukaja mwaka ambao mvua ilikataa kabisa. Mchele ukaadimika maduka yote ya mtaa wa Langoni, na uliopatikana ulijaa fukusi. Mama mkwe, bila haya, akanituma kwetu nikaombe mtama. Mama alitoa gunia zima la akiba ya ghalani. Nikautwanga, nikausaga kwa jiwe mpaka viganja vikachubuka, maana mama mkwe alitaka unga laini.

Siku ya hitima, kisomo cha kumwombea marehemu baba mkwe, nikapika uji kwa tui na iliki. Bi mmoja mtu mzima, jirani yetu wa heshima, aliusifu, akauliza ni uji wa nini. Mama mkwe akajibu kwamba ni unga wa Bara Hindi, ameletewa na nduguye kutoka Mombasa.

Nilikuwa nimeinama nikimimina. Nikaliweka bakuli chini.

"Ni mtama, Bi," nikasema. "Umelimwa na mama yangu, Pate. Ule wa kwanza walipewa kuku wa nyumba hii."

Yule Bi alikunywa uji wake mpaka akaumaliza.

Wageni walipoondoka, mume wangu aliniambia nimemvunjia mamake heshima mbele za watu, nikamwombe radhi.

"Radhi ya nini, Bwana? Ya kuuita mtama mtama?"

Akarudia tu kwamba nikamwombe radhi, na hilo likaniudhi kuliko maneno ya mamake. Asubuhi nikarudi Pate kumsaidia mama kungojea mvua na kupanda. Mume wangu alinifuata mtama ukiwa umeshatoa masuke. Mama alimpa kombeo akaulinde mtama na ndege, naye akaulinda, jua lote la utosi, hadi mavuno.

Tulirudi Lamu, tukapanga chumba chetu wenyewe Langoni. Mama mkwe hakuniomba radhi mpaka alipofariki, wala mimi sikumwomba. Watu huniambia nisamehe, aliyekufa hana ugomvi. Nimejaribu. Bado sijaweza.